Mchango wa Walioingia Msituni: Uchambuzi wa Kisa cha Chama cha Kuzikana Kando ya Ziwa, Mwanza

Usuli

Kisa hiki kilitokea Mwanza, ndani ya chama cha kufa na kuzikana cha watu waliotoka nchi moja ya jirani na kuishi kando ya Ziwa Victoria kwa miaka mingi. Jina la chama, nchi walikotoka, mtaa na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo na hoja zilizotolewa, kwa kuwa hizo ndizo zitakazomfaa mtu yeyote atakayeulizwa siku moja kama watu wana haki ya kushika silaha dhidi ya serikali yao.

Wanachama wengi walikuwa wakinunua dagaa wakavu na mabondo kwenye mialo na kuwauzia wafanyabiashara wanaovusha mipaka. Walikuwamo pia mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, wanawake walioolewa na Wasukuma na Wakerewe, na watoto waliozaliwa na kusoma hapa hapa. Baadhi yao walikuwa raia wa Tanzania, wengine walikuwa na vibali vya ukaazi, na wachache walikuwa na hadhi ya ukimbizi. Tofauti hiyo haikuwahi kuwa na maana msibani, lakini katika jambo hili ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Katiba ya chama ilikuwa ya kurasa chache: ada ya mwezi, rambirambi, gharama za kusafirisha maiti, na faini ya mtu asiyehudhuria mazishi bila udhuru. Juu ya siasa haikusema neno.

Huko walikotoka, uchaguzi ulikuwa umefanyika na matokeo yake kupingwa na wengi. Viongozi wa upinzani walifungwa, na watu wakaanza kuchukuliwa majumbani usiku wasionekane tena. Kundi la vijana, wakiwamo askari waliotoroka jeshini, likaingia msituni na kutangaza kwamba litaiondoa serikali kwa nguvu.

Ombi lenyewe

Mwishoni mwa kikao cha kawaida, kijana mmoja aliyeheshimika kwa bidii yake katika shughuli za misiba alisimama, akawasalimu wazee, akaomba kila familia iwachangie ndugu walioko msituni. Alipendekeza pia sehemu ya mfuko wa misiba itolewe kwa kazi hiyo. Mjomba wake alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa usiku. Wapo waliopiga makofi, na ilidhihirika papo hapo kwamba wachache walikwisha kutuma fedha kwa simu bila kumwambia mtu.

Hoja yake ilikuwa nzito, na haitakuwa haki kuipunguza. Alisema kwamba nchi iliyowapokea inawaadhimisha mashujaa wa Majimaji. Kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa katika mji huo huo tangu mwaka 1963 na kupeleka misaada kwa wapiganaji kwa miongo mitatu. Na kwamba mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria na iliyokuwa ikipigana na serikali ya nchi huru ya Kiafrika. Kama hao walikuwa na haki, aliuliza, ni kipi kinachowafanya vijana wetu wawe wahalifu?

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha kabla ya kuhukumu

Mwenyekiti alikuwa na njia mbili rahisi. Angeweza kusema kwamba chama hakishughulikii siasa na kufunga kikao, au angeweza kuitisha kura wakati ule ule, ambapo kwa hali ya ukumbi ilivyokuwa ombi lingepita. Hakufuata yoyote. Alitangaza kwamba mfuko hautaguswa, kwamba hakuna atakayekusanya fedha kwa jina la chama, na kwamba wanachama watakutana katika vikao maalumu kulijadili swali lenyewe hadi mwisho. Sababu aliyoieleza kamati baadaye ni kwamba kulifunga jambo kungewasukuma vijana wakalizungumze gizani na watu wasiojulikana, na kupiga kura watu wakiwa na machozi kungewafunga kwa kitu ambacho hawajakipima. Aliagiza pia wito wa vikao upelekwe nyumba kwa nyumba, wala usiandikwe kwenye kundi la simu.

Walialikwa mwalimu mstaafu wa historia, wakili, padre na shehe, kwa kuwa wanachama walikuwa wa dini zote mbili. Mimi niliombwa kuongoza mazungumzo na kuandika kumbukumbu.

Kikao cha historia

Mwalimu alianza na Majimaji, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa. Vita ile ya 1905 hadi 1907 ilianza katika vilima vya Umatumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba, kulipa kodi na kufanya kazi za shuruti chini ya maakida, watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani. Hapakuwa na uchaguzi wala baraza ambalo Mmatumbi angeweza kupeleka malalamiko yake akasikilizwa. Hakuna mtu ukumbini aliyediriki kusema kwamba watu wale walikosa haki ya kupigana. Ndipo mwalimu akaeleza gharama yake: Kinjekitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Agosti 1905, na waliokufa hadi mwisho wa vita wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala.

Kisha akaleta mfano wa karibu zaidi, unaopaswa kujulikana zaidi katika mkoa huu. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliyazuia matawi ya TANU katika Usukuma. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa bila ridhaa yao, na maelfu wakaja Mwanza kudai wasikilizwe. Walitawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi. Hawakushika silaha, nao mpango wa mabaraza yale haukudumu.

Wazee wengi walidhani mfano huo umemaliza mjadala, lakini jibu la kijana liliurudisha mahali pagumu. Alikumbusha kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wajumbe wa umoja huo walikuja kukagua, na Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955 akasema alichotaka kusema, akarudi nyumbani. Mkoloni wa Geita, alisema, alikuwa na mtu wa kumwogopa. Huyu wa kwetu anamwogopa nani?

Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu bora kuliko yote yaliyotolewa siku ile, kwa sababu lilionyesha kwamba amani ya Geita haikutokana na uvumilivu wa watu peke yake. Ilitokana pia na mlango uliokuwa wazi, hata kama ulikuwa mwembamba. Mwalimu alikubali, akaongeza habari za Afrika Kusini: chama cha ANC kilianzishwa mwaka 1912, kikaandika maombi na kuandamana kwa karibu nusu karne, na ni baada ya watu 69 kuuawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, na chama chenyewe kupigwa marufuku, ndipo Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, ilipoanza mashambulizi yake Desemba 1961. Hata hapo ilianza na hujuma dhidi ya mitambo na majengo, kwa hesabu kwamba njia hiyo ingemwaga damu kidogo na kuacha nafasi ya kupatana baadaye.

Kikao cha sheria na dini

Wakili aliwaonyesha kwamba sheria ya kimataifa haina kauli moja tu juu ya jambo hili. Utangulizi wa Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 unakiri kwamba haki zisipolindwa kwa utawala wa sheria, binadamu anaweza kulazimika, kama njia ya mwisho, kuasi dhidi ya udhalimu. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa mwaka 1981, inawapa watu waliotawaliwa kikoloni au kukandamizwa haki ya kujikomboa kwa njia zinazotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Lakini Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa mwaka 2007, katika ibara yake ya 23, unahesabu kuiondoa kwa waasi wenye silaha serikali iliyochaguliwa kidemokrasia kuwa ni kuvunja utaratibu wa katiba. Ibara hiyo hiyo inaitia katika kundi hilo hilo serikali inayokataa kuachia madaraka baada ya kushindwa katika uchaguzi huru. Kijana aliomba isomwe tena, na wakili akaisoma.

Jambo lililowagusa wengi kwa karibu lilikuwa Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Ibara yake ya tatu inamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na inaitaka nchi iliyompokea imzuie, hasa pale silaha zinapohusika. Hapa ndipo lilipopatikana jibu la swali lililoulizwa tangu mwanzo. Wapiganaji wa FRELIMO walipigana na Ureno, ambayo haikuwa mwanachama, wala haikuwa imechaguliwa na watu wa Msumbiji. Afrika huru ilikuwa imekubaliana kwamba ukoloni na ubaguzi wa rangi vipigwe, na kwamba nchi huru zisichomane kupitia wakimbizi. Mtu anaweza kuona kwamba mstari huo uliwalinda pia watawala wabaya, na kweli uliwalinda. Hata hivyo haukuwa unafiki mtupu, maana nchi changa zilijua jinsi vita vya jirani vinavyovuka mpaka. Mwishowe wakili alieleza Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na hatari inayoweza kumkuta anayechangia kundi lenye silaha, awe raia au mgeni.

Padre alitaja masharti matano ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki: kwamba haki za msingi ziwe zimevunjwa kwa hakika, kwa uzito na kwa muda mrefu, njia nyingine zote ziwe zimejaribiwa, upinzani usilete vurugu mbaya zaidi, pawepo tumaini lenye msingi la kufanikiwa, na pasiwe na suluhisho bora linaloweza kuonekana. Shehe alieleza kwamba wanazuoni wengi wa Kisunni wameonya dhidi ya kumtokea mtawala kwa upanga, kwa kuhofia fitna inayoangamiza wasiohusika, huku hadithi ya Mtume ikilisifu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa jihadi iliyo bora. Kulikuwa pia na hoja ya takwimu. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati 323 za kati ya 1900 na 2006, wakakuta kwamba zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa zaidi ya nusu, na zile za silaha kwa karibu robo. Kijana alisema kwamba hesabu hiyo haimrudishi mjomba wake. Hakuna aliyembishia, wala haikuwa kazi ya mtu kumbishia.

Swali la mweka hazina

Kilichogeuza mjadala hakikutoka kwa mgeni yeyote. Mweka hazina, mama anayeuza dagaa na ambaye alikuwa kimya hadi hapo, aliuliza: "Tukishatuma hizo hela, vijana wakaanza kuwanyang'anya ng'ombe watu wetu wenyewe, au kuwachukua watoto shuleni, ni nani kati yetu atawaambia waache, nao wakaacha?"

Kijana alijibu kwa ukweli kwamba kamanda anamjua kwa jina la msituni tu. Hakujua kama kundi lina baraza la kisiasa juu ya wapiganaji, wala kama kijiji chochote kiliwahi kuulizwa.

Kuanzia hapo mifano yote ilisomwa upya. ANC ilikuwa na uongozi wa kisiasa juu ya jeshi lake: mwaka 1980 ilitamka kwamba itaheshimu Mikataba ya Geneva, ingawa si kila mara ilifuatwa, na Agosti 1990 uongozi huo ulipoamua kusimamisha mapambano ya silaha, yalisimama. FRELIMO ilitia saini Lusaka Septemba 1974, na vita na Ureno vikakoma. Kwa upande mwingine kuna Lord's Resistance Army, kundi la waasi la kaskazini mwa Uganda, iliyodai kuwatetea Waacholi na ikaishia kuwateka watoto wa Waacholi wenyewe. Wazee na viongozi wa dini wa Waacholi waliomba kwa miaka vita viishe. Mazungumzo ya Juba yaliyoanza mwaka 2006 yalifika hatua ya saini, na Joseph Kony, kiongozi wa kundi hilo, hakutokea kutia saini. Pale hapakuwa na mtu wa kumwambia acha.

Mzee mmoja alileta mfano usiokaa vizuri upande wowote, nao ni wa NRA, jeshi la waasi la Uganda. Lilianza vita Februari 1981 baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa, likaunda mabaraza ya wananchi katika maeneo liliyoyashika, na likaingia Kampala Januari 1986. Kiongozi wake, Yoweri Museveni, ametawala kwa zaidi ya miongo mitatu tangu hapo, ukomo wa mihula ukiondolewa mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017. Malalamiko ya 1980 hayakuwa ya uongo, wala nidhamu ya vita ile haikuwa ya kubuni. Bado wapiganaji kumsikiliza mwananchi wakati wanamhitaji si dhamana kwamba watamsikiliza wakishakaa ikulu.

Wengine walikumbuka mwaka 1994, mto Kagera ulipoleta maiti kutoka Rwanda hadi ziwani na watu wakaogopa kula samaki. Waliutaja kuonyesha tu kwamba damu ya nchi moja humfikia mtu wa mwaloni ambaye hakuulizwa lolote.

Uamuzi na matokeo

Kura ilipigwa kwa karatasi za siri, na walio wengi walikataa mfuko wa misiba na jina la chama kutumika kwa mchango huo. Yaliamuliwa pia mambo mawili. Familia zilizopotelewa na ndugu zingeandika ushahidi wao kwa msaada wa wakili na kuupeleka kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Banjul, Gambia. Mahakama ya Afrika iko Arusha, karibu kabisa, lakini nchi yao haikuwa imeweka tamko linaloruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja. Pili, wanachama waliruhusiwa kuwasaidia kwa hiari wakimbizi waliokuwa wakiwasili, kwa chakula, mablanketi na ada za shule.

Familia kadhaa zilijitoa. Vijana wawili waliondoka, na inasemekana walikwenda walikotaka kwenda. Kijana aliyeleta ombi aliacha kukusanya fedha, akakaa nje ya vikao kwa muda mrefu, kisha akarudi kusaidia kuandika ushahidi. Kundi la msituni liligawanyika: sehemu moja ikaingia kwenye mazungumzo, nyingine ikaendelea. Tume ilikiri kupokea maandishi, na hadi uchambuzi huu unaandikwa hakuna uamuzi. Waliopotea hawajaonekana.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kule kulitenganisha swali. Ubaya wa serikali ulikuwa umethibitika, nusu ya ukumbi wangeweza kuutolea ushahidi, na kama hoja ingeishia hapo kijana angeshinda kwa haki. Ninaamini, na sikuficha hilo vikaoni, kwamba maasi ya silaha yanaweza kuwa halali. Asemaye kwamba hayawezi kamwe lazima awakatae watu wa Majimaji, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya kwa dhamiri safi. Lakini ubaya wa mtawala unamvua yeye haki ya kutiiwa. Haumpi kila mwenye bunduki haki ya kupigana kwa niaba ya wengine. Haki hiyo ya pili hutoka kwa wale ambao mapigano yanafanywa kwa jina lao, na dalili yake iliyo wazi kuliko zote ni kama wanao uwezo wa kuyasimamisha.

Kipimo hiki kinasaidia pia pale masharti ya padre yanapokwama. Sharti la tumaini la kufanikiwa, likichukuliwa kwa ukali, linaiharamisha Majimaji, kwa kuwa maji hayakuzuia risasi. Mimi siwezi kulipokea hitimisho hilo. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita ile, aliyenyongwa Februari 1906, alipigana pamoja na watu waliomjua, katika nchi yao, na alichowaomba wakitoe alikitoa mwenyewe. Watu wale walikosea nguvu ya dawa, lakini uamuzi wa kupigana ulikuwa wao. Tofauti kati yao na kundi linaloomba hela Mwanza kwa jina la kijiji ambacho halijawahi kukiuliza ni kubwa kuliko tofauti ya kushinda na kushindwa.

Kuna mambo yaliyoharibika. Hatari ya kisheria ilipaswa kuelezwa siku ya kwanza, kabla ya hoja nyingine yoyote. Wale waliokwisha kutuma fedha waliisikia katika kikao cha pili, na wenye hadhi ya ukimbizi, ambao wangepoteza zaidi, walikaa muda wote huo bila kujua. Wanawake hawakupewa nafasi ya mapema, na swali lililofungua jambo lilichelewa kwa sababu hiyo. Aidha, njia ya Banjul ilielezwa kwa matumaini yaliyozidi uwezo wake. Ilistahili kufuatwa, lakini wazee waliiwasilisha kana kwamba imejaza nafasi ya lile lililokataliwa, na vijana waliona hivyo, wakaumia.

Kubwa zaidi ni kwamba watu wa vijiji vile hawakuwamo ukumbini. Hoja hiyo ilitumiwa dhidi ya mchango, na ilikuwa sahihi, lakini inagusa pande zote mbili: kukataa nako kulikuwa kuamua juu yao wakiwa mbali. Jitihada za kupata sauti zao kupitia jamaa waliobaki zilianza baada ya kura, na majibu yaliyokuja yalipingana. Wapo waliosema msitume chochote, tutachomewa nyumba. Wapo waliosema tumeachwa.

Katiba ya chama iliongezwa kifungu kinachokataza mfuko kutumika kwa kundi lolote lenye silaha. Muda mfupi baadaye liliulizwa swali ambalo kifungu hakikulitazamia: kama mtoto wa mwanachama akifia msituni, je, rambirambi itolewe? Kamati iligawanyika. Waliopinga walisema kwamba huo ni mchango kwa mlango wa nyuma. Waliokubali walisema kwamba rambirambi humfuata mzazi aliyelipa ada, si sababu iliyomuua mwanawe, na upande huo ndio ulioshinda, kwa sharti kwamba fedha zikabidhiwe mkononi mwa mzazi, mbele ya mweka hazina, na ziandikwe kwenye daftari kama za msiba mwingine wowote.